Ukungu, vigae, kalamu ya simu ama boksi jeusi: kipi kinaficha kweli namba yako kwenye picha?

Nina kijiduka cha fotokopi hapa Busia, upande wetu wa Uganda, nachapa, naskani, napiga picha za pasipoti, na kila siku lazima mtu anipe simu aseme bosi hebu nifichie hapa kabla sijatuma. Kitambulisho cha taifa, logbuku ya boda, skrinshoti ya MoMo (pesa ya simu), karatasi ya hospitali, ripoti ya mtoto ya shule. Na kwa muda mrefu nilikuwa naficha vibaya, nasema tu ukweli, manake nilikuwa naangalia kama panaonekana peusi, basi, nikiona peusi natuma.

Aliyenitoa ujinga ni mpwa wangu, yuko S4, yaani sekondari mwaka wa nne. Mtu aliokota kitambulisho pale maegesho akaniletea, mi nikakipiga picha niweke kwenye grupu la mtaa mwenyewe akione aje achukue. NIN, yaani namba ya kitambulisho, nikaipaka na ile hailaita ya simu, kalamu ya kukolezea maandishi, rangi nyeusi, nikapita mara tatu mara nne mpaka pakawa peusi tii. Hata dakika kumi hazijaisha kijana huyo kaingia dukani simu mkononi. "Mjomba, nikusomee ile namba?" Nikamwambia toka hapa na mchezo wako. Akafungua picha, akaenda sehemu ya kuhariri, mwangaza akauvuta mpaka mwisho, eksposha mpaka mwisho, vivuli mpaka mwisho, na palepale kwenye ule weusi herufi zikaanza kujitokeza moja moja, kijivu hafifu lakini zinasomeka. "C... M..." Nikamwambia basi, inatosha. Nikaifuta grupuni ila wangapi walikuwa washaishusha kwenye simu zao, hilo sijui.

Waswahili wanasema funika kombe mwanaharamu apite. Kwenye picha mwanaharamu hapiti bana, anavuta kiti anakaa, ana muda, anafunua taratibu. Kwa hio mi sa hii nikilinganisha hizi njia siulizi ipi inaonekana nzuri, nauliza kitu kimoja tu, ile namba imeondoka ndani ya faili au imelala chini ya kitu?

Kabla ya njia zenyewe, tuelewane kwanza unaficha nini, manake hapa ndipo watu wengi wanapoteza hata wakiwa na programu nzuri. NIN yetu ina herufi na tarakimu 14, ya kwanza C kwa raia, ya pili M ama F, mwanaume ama mwanamke, halafu mbili zinazofuata ni mwaka wa kuzaliwa. Sasa mtu anaficha za mwanzo nne anaacha kumi za mwisho, wakati hizo nne ndo rahisi kuliko zote kukisia, umri wake uko palepale kwenye kadi. Na nyuma ya kile kitambulisho cha toleo la kwanza kuna barkodi na ile mistari mitatu yenye alama za <<<, humo kuna jina, tarehe ya kuzaliwa, namba, vyote. Nshaona watu wanapaka mbele kwa uangalifu kama wanapaka ukuta wa msikiti alafu nyuma wanaiacha ilivyo. Barkodi za siku hizi tena zina uwezo wa kujirekebisha zikiharibika, QR kwa mfano inaweza kusomeka hata ikipoteza mpaka asilimia 30, kwa hio kuchora mstari mmoja katikati yake hujaficha kitu. Ifunike yote.

MoMo nayo. Mama mmoja anauza dagaa alikuja anataka kumtumia mteja wake skrinshoti ya malipo, akaniambia, "Mwanangu, jina langu nimeshaficha mwenyewe, wewe nitumie tu." Nikaangalia, kweli jina hakuna, lakini namba ya simu ipo wazi. Nikamwambia, "Mama, angalia hapa." Nikaingiza ile namba kwenye simu yangu kama nataka kumtumia hela, kabla hata sijaweka pini jina lake lote la usajili likatokea kwenye skrini, nikaghairi. Mama akacheka weee, akasema kumbe nimefunga mlango nikaacha dirisha. Basi tukaficha namba na salio na namba ya muamala, tukabakisha kiasi na tarehe, mteja hahitaji zaidi ya hapo.

Haya, njia zenyewe sasa.

Ukungu na vigae naviweka pamoja manake ugonjwa wao ni mmoja. Ukungu ni vile unatia wingu mahali, vigae ni ile kuvunja picha kuwa miraba mikubwa. Watu wanavipenda kwa sababu vinapendeza, picha inaonekana ya kitaalamu kama ya kwenye taarifa ya habari. Lakini vyote viwili ni hesabu. Ukungu unachukua kila nukta ya picha (pikseli) unaichanganya na majirani zake, kigae kinachukua nukta zote za mraba kinaweka rangi yao ya wastani. Hesabu ileile ukiirudia kwenye herufi unayoijua unapata wingu lilelile. Kwa hio mtu akijua fonti, na fonti ya kitambulisho ama ya meseji ya MoMo kila mtu anayo kwake, anaandika 0 anaitia ukungu analinganisha, anaandika 1, 2, 3 mpaka 9, inayofanana ndo yenyewe, anahamia tarakimu inayofuata. Tarakimu zipo kumi tu! Sio kazi. Mwaka 2020 ilitoka programu ya bure inaitwa Depix inafanya hivohivo na maneno ya siri yaliyowekewa vigae, na 2022 kampuni ya usalama ya Marekani, Bishop Fox, ikatoa nyingine inaitwa Unredacter, na walichosema ni kwamba kwa maandishi usitumie vigae, weka boksi jeusi tu.

Namba ya gari vilevile, herufi zenyewe chache na mpangilio wake unajulikana, ukitia ukungu kidogo mtu anakisia.

Kwa nyuso ukungu una nafuu kidogo, uso sio tarakimu kumi. Lakini hata hapo usijiachie. Mwaka 2016 watafiti wa University of Texas at Austin na Cornell Tech waliifundisha kompyuta kutambua nyuso zilizotiwa ukungu na vigae, ikawa inatambua, mradi tu ina orodha ya watu wa kulinganisha nao. Na ile ya kuzungusha uso kama maji yanazama kwenye sinki ndo mbaya kupita zote, inarudishwa kwa kuzungusha upande wa pili. 2007 kuna mhalifu wa watoto alificha uso wake hivo kwenye picha, polisi wa Ujerumani wakamrudisha, Interpol ikatangaza ile sura dunia nzima, akakamatwa Thailand. Hapo tunashukuru, lakini somo umelipata. Mi ukungu naubakisha kwa watu wa nyuma kwenye picha za harusi ambao hawajaomba kupigwa, na pia mtoto wa mtu akipita. Signal, ile programu ya meseji, ina hio ya kutia ukungu nyuso ndani yake tangu 2020, inazitafuta yenyewe, ni haraka, lakini kama huyo mtu akijulikana anaweza kuumia basi weka boksi, usimtie wingu.

Kalamu ya simu nshasema habari zake. Zipo mbili na watu wanazichanganya, kalamu ya kawaida inayoziba na hailaita inayopitisha mwanga. Hailaita hata ukipita mara sita bado kuna kitu chini kinapumua, na simu nyingi inakaa jirani kabisa na kalamu, kidole kikikosea tu umeishika hio. Kalamu ya kawaida inafaa, ila mkono unatetemeka, unaacha kichwa cha 7 nje, mguu wa 4 nje. Tumia umbo la mraba uliojazwa rangi kama simu yako inalo. Emoji na stika? Zinaziba, hilo sibishani, na WhatsApp ikituma inazigandisha na picha kuwa kitu kimoja, ila ni duara na namba ni mstari mrefu, utaweka nyuso za kucheka nane kwenye kitambulisho cha mtu. Kwa dharura ndani ya teksi sawa.

Kukata picha, yaani kubakisha kipande unachotaka tu, mi nilikuwa nasema hii ndo njia safi kuliko zote, kilichokatwa kimeenda. Kwa kawaida ni kweli. Lakini Machi 2023 watu wawili, Simon Aarons na David Buchanan, wakaonyesha kwamba kifaa cha kuhariri skrinshoti kwenye simu za Google Pixel kuanzia Pixel 3 kilikuwa kinaandika picha mpya juu ya faili la zamani bila kukata mkia wake, kwa hio picha mpya ikiwa ndogo, mabaki ya picha nzima yanabaki mwishoni mwa faili na unaweza kuyatoa. Wakaipa jina aCropalypse. Siku chache baadae ikaonekana kifaa cha skrinshoti cha Windows 11 nacho kina ugonjwa huohuo, na cha Windows 10 pia. Google na Microsoft walirekebisha mwezi huohuo, lakini picha ulizotuma kabla ya hapo zipo zilivyo huko zilikokwenda. Ukiwa na laptopu ya mtumba haijawahi kuapdetiwa tangu ivuke mpaka, we fikiria mwenyewe.

Na kuna mkato mmoja hapa dukani naukuta kila wiki, wa Word. Mtu anaweka picha ya kitambulisho kwenye Word, anaikata ibaki sura tu, anatuma faili kwa barua pepe kuomba kazi. Word haijakata kitu! Imeficha kando tu, mwenye kupokea akibonyeza picha akavuta pembeni kadi nzima inarudi na NIN yake. Inabidi uende kwenye Compress Pictures uweke tiki pale pa kufuta sehemu zilizokatwa. Mi hata hio siitaki, nakata picha nje kwanza alafu ndo naiingiza kwenye Word ikiwa imeshakufa.

Boksi jeusi ndo nalolipigia kura, ila boksi na boksi sio moja, inategemea umelichora wapi.

Paint ya Windows, hii watu wanaicheka lakini ujinga wake ndo faida yake. Paint ya zamani haina leya, yaani tabaka moja juu ya jingine, picha ni karatasi moja, ukichagua mahali ukabonyeza Delete panageuka weupe na kilichokuwepo hakipo tena, ukisevu ukafunga hata wewe mwenyewe hurudishi. Paint mpya ya Windows 11 imeongezwa leya tangu 2023, usiziguse, chora kwenye ileile ya kwanza. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika programu ya picha maishani namwambia tumia Paint, dakika moja, kwaheri.

GIMP ni ya bure, inakaa kwenye Windows na Linux na Mac, na mi ndo natumia kila siku kwa sababu nikiwa na vitambulisho ishirini vya chama cha akiba naenda haraka na inanipa zumu nzuri ya kuona kama nimeacha ukingo. Lakini GIMP ina mitego miwili na wote waliojifunza kwa kubahatisha kama mimi wameingia humo. Wa kwanza, ukisevu kawaida inatoka faili la XCF lenye leya zote, boksi lako liko leya ya juu na namba iko chini salama salmini, ukimtumia mtu hilo anazima leya anasoma. Lazima uende File, Export As, utoe PNG ama JPEG. Wa pili ndo wa hatari zaidi kwa sababu unaonekana umefanya vizuri, ukitumia kifutio kwenye leya yenye uwazi, yaani unafuta panabaki vile viraka vya kijivu kama ubao wa draft, GIMP haifuti rangi, inaziambia tu zisionekane. Wakati wa kutoa PNG kuna kisanduku kinauliza kama ihifadhi rangi za nukta zisizoonekana, kikiwa na tiki namba yako inasafiri nayo ndani ya faili, mtu anarudisha uwazi kuwa mzito na namba hio hapo. Nilijaribu mwenyewe na kadi yangu nikakaa kimya dakika nzima.

Kwa hio kwenye GIMP usifute, paka. Chagua mraba kwa kubonyeza R, hakikisha ile ya kulainisha kingo haina tiki, rangi nyeusi mbele, kisha Ctrl na koma inajaza. Image, Flatten Image. Export As. Pale pa kutoa, toa tiki za Exif na XMP (maelezo ya picha yanayojificha ndani ya faili) na kijipicha. Ukizoea ni sekunde thelathini.

Photoshop inafanya yote hayo lakini unalipia kila mwezi, na kwa kuziba namba tu ni kukodi lori kubeba kiberiti. Anayo ofisini kwake, atumie, ila akumbuke faili la PSD lina leya kama XCF. Kuna Photopea pia, inafunguka kwenye brauza tu, sura yake kama Photoshop, na picha inabaki kwenye mashine yako haipandi kwenye seva yao, inafaa ukiwa kwenye kompyuta ya mtu ambayo huwezi kuweka programu. Ila kwa tovuti nyingine zile za "ficha picha bure" unazozipata kwa kutafuta, mi sipeleki kitambulisho cha mteja huko, unakuwa umempa mgeni kile unachotaka kumficha mgeni.

Boksi lenyewe lichore kubwa kuliko namba. Sio urembo. Picha ya JPEG imebanwa kwa viraka vya nukta 8 kwa 8, na herufi inaacha vumbi kuzunguka kiraka chake, ukiziba kwa kubana sana lile vumbi linabaki pembeni. Tena usichore boksi refu kwa jina refu na fupi kwa jina fupi, urefu nao ni habari, ziba mstari mzima sawasawa.

PDF ndo nitaipita haraka kwa sababu jibu lake ni moja, usichore boksi juu ya PDF. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Trump kule Marekani, walipeleka mahakamani hati yenye mistari myeusi, waandishi wakakopi yale maandishi chini ya weusi wakayabandika kwingine, yakasomeka yote. Mawakili hao! Ukiwa na PDF igeuze picha kwanza, ziba kwenye picha, ndo uirudishe kuwa PDF.

Sasa mnishangae, njia ninayoipenda kuliko zote hizi haina programu. Kipande cha karatasi. Unakata karatasi nene, unaiweka juu ya NIN na tarehe, juu ya barkodi nyuma, ndo unapiga picha. Kile kamera haijakiona hakuna mpwa wa mtu wa kukivuta. Isiwe karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, na isiwe kalamu ya maka, manake maka juu ya maandishi ya printa ya leza ukiinamisha kidogo kwenye taa wino unang'aa unasoma. Kasoro ni moja tu, lazima uwe na kadi yenyewe mkononi, kwa skrinshoti ya MoMo haisaidii, hapo ndo unarudi Paint ama GIMP.

Na mahali picha ilipopigwa usipasahau, simu nyingi zinaandika GPS ndani ya faili. WhatsApp ukituma kama picha inayaondoa hayo, ukituma kama dokumenti, ambavyo watu wanafanya ili picha isichoke, inaenda na kila kitu. Umefunika anwani ya nyumba kwa boksi safi kabisa na faili linataja nyumba ilipo. Skrinshoti ya picha iliyokwisha kuzibwa inatatua hilo kwa urahisi, ubora unashuka kidogo, lakini nani anataka kuchapa kitambulisho chako bango.

Yule mwenye kitambulisho cha maegesho alikuja baada ya siku tatu, mzee mmoja wa Masafu, hakuwa hata kwenye grupu, aliambiwa na mtu wa boda. Nikamweleza kilichotokea na namba yake nikamwomba radhi. Akanitazama akasema, "Kijana, sura na jina peke yake vingetosha, namba ulikuwa unaipiga picha ya nini?" Siku hizi vilivyookotwa naviwekea karatasi inayofunika kila kitu isipokuwa sura na jina, alafu kabla sijarusha kwenye grupu namtumia mpwa kwanza. Akikaa robo saa bila kunijibu, naituma.